Barua ya wazi kwa wanaopanga unasihi wa ndoa Lamu: muulizeni mwenye nyumba kwanza

Kwa Waheshimiwa mnaoshika afya na huduma za jamii katika Kaunti ya Lamu, kwa wawakilishi wadi mnaopitisha bajeti, na kwa Mheshimiwa Kadhi na masheikh wanaokaa na wanandoa,

Assalamu alaykum. Na kwa wenzetu wa Mpeketoni na Witu wenye salamu zao, hamjambo.

Mimi ni mtu wa Langoni. Nimesomesha watoto wadogo zaidi ya miaka 20, na nilipostaafu nikapanda basi hadi Mombasa kusomea unasihi, wanangu wakinicheka kwamba bibi mzima anarudi shule. Tangu nirudi nimekaa na wanandoa kwenye madaka, kwenye ofisi za kuazima, na mara moja ndani ya boti iliyokwama Mkanda tukitoka Faza, tukingoja maji yajae. Kikao hicho cha botini ndicho kilichokwenda vizuri kuliko vyote, maana hakuna aliyeweza kuinuka akaondoka.

Naandika kwa sababu kila bajeti ikikaribia nasikia maneno yale yale barazani: ndoa hazikai, talaka zimekuwa kama peremende, tuleteeni wataalamu. Waleteni. Lakini kabla hamjatangaza kazi na kununua viti, kuna jambo moja nawaomba mliamue: ni nani mwenye haki ya kulipa jina tatizo la nyumba ya watu. Mkikosea hapo, viti na mishahara na rangi ya ukuta vitakuwa bure.

Miaka michache nyuma nilihudhuria semina. Sitasema ilikuwa ya nani wala ilifanyika mji gani. Tulipewa fomu ya kurasa nne, ijazwe siku ya kwanza mteja anapoingia, kabla hajapata hata maji ya kunywa. Swali la tatu liliuliza mkuu wa kaya ni nani. Chini yake mistari miwili, mmoja wa mume na mmoja wa mke. Kisha visanduku vya kutia alama: mawasiliano duni, mume asiyewajibika, mke asiye mtiifu, ulevi, wakwe kuingilia ndoa. Mwezeshaji alisema ukishatia alama, njia ya matibabu utaikuta ukurasa wa nne. Nilisoma ule ukurasa wa nne mara mbili. Ulikuwa mzuri kwa nyumba ambayo sijawahi kuingia.

Chukueni nyumba ya kawaida ya mawe kule Mkomani. Imejengwa na babu wa bibi harusi, ikarithishwa kwa wanawake, na siku ya harusi ni bwana harusi anayehamia, anakuja na sanduku lake na viatu vyake. Mama mkwe anakaa tini, dada wa mke anakaa yuu. Mume analisha, kwa maana dini imemtwika hilo na hakuna anayebisha. Nyumba ni ya mke. Ufunguo wa mlango wa nje anao mama. Wakigombana, anayeonekana uchochoroni usiku na nguo ndani ya mfuko wa plastiki ni mwanamume, anakwenda kulala kwa nduguye au ndani ya chombo. Haya, mkuu wa kaya ni nani? Na mama mkwe ataingiliaje nyumba ambamo yeye ndiye aliyemkaribisha mkwe?

Vukeni maji mwende Mpeketoni, kwa watu waliopewa mashamba miaka ya 1970, mtakuta kinyume chake: shamba ni la mume, mke ndiye mgeni, na neno ‘wakwe’ lina uzito mwingine kabisa. Nendeni kwa Waaweer, nendeni Kizingitini kwa Wabajuni, mtakuta mpangilio wa tatu na wa nne. Na wapo wenye mitara, ambao kwenye ile fomu mke wa pili hana hata mstari wa kuandikwa. Aliyeitunga fomu ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba moja tu kichwani, akadhani ndiyo nyumba.

Wenye fani hii walishalijua kosa hilo zamani, na ndiyo sababu inaniuma tukiletewa leo kama jambo jipya. Unasihi wa familia ulipoanza kushika njia Marekani miaka ya 1950, na hasa baada ya Don Jackson kufungua taasisi yake Palo Alto, Kalifonia, mwishoni mwa muongo huo, uliitazama familia kama mfumo wa vipuri vinavyosukumana. Lilikuwa wazo kubwa. Lilimwondolea mtoto lawama, likamwondolea mama lawama, likasema angalia jinsi wanavyosukumana. Lakini mnasihi alibaki nje kama fundi aliyepiga magoti mbele ya mashine ya boti. Anasikiliza mlio, anafungua plagi, anasema tatizo liko hapa. Fundi haiulizi mashine inajionaje.

Miaka ya 1980 baadhi yao wakaanza kuona aibu na magoti hayo. Mambo mengi yalichangia, na jina wanalopenda kuyapa wasomi wetu ni usasaleo, kwa Kiingereza postmodernism. Mwaka 1979 mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-François Lyotard, aliandika ripoti kuhusu hali ya maarifa, na tazameni aliyemwagiza: baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, Kanada. Watu wa serikali kama nyinyi. Aliwaambia kwamba zile hadithi kubwa zinazodai kuwaeleza watu wote mahali pote zimepoteza imani ya wasikilizaji. Na nyuma zaidi, mwaka 1964, Peter Berger na Hansfried Kellner walikuwa wameandika makala kuhusu ndoa yenyewe: kwamba watu wawili waliokulia mahali tofauti hukaa wakazungumza, siku baada ya siku, mpaka wakajenga dunia yao wawili. Marafiki wa zamani wa mume hubadilika sura kwa sababu ya maneno ya usiku ya mke. Hata yaliyopita husimuliwa upya. Nilipoisoma makala hiyo niliiweka chini nikaenda kupika, maana ilikuwa ikinieleza mimi na marehemu bwana wangu.

Wazo ni hilo, na halihitaji maneno makubwa. Maana ya mambo ya nyumbani haiokotwi kama kombe ufukweni. Watu huijenga kwa kuzungumza, kwa lugha waliyoikuta, mbele ya macho ya jirani. Uvivu, utiifu, uanaume, heshima, yote hayo yalijengwa na watu mahali fulani. Kwa hiyo mnasihi naye, akifungua kinywa, tayari yumo ndani ya ujenzi. Hana pa kusimama nje.

Kutoka hapo wakatokea wenye njia mbalimbali. Harlene Anderson na Harry Goolishian wa Texas walisema mnasihi aingie kama asiyejua, na anayeletewa ushauri ndiye bingwa wa maisha yake. Sisi tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na pengine ingetosha kuibandika methali hiyo ukutani. Milwaukee, Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, mzaliwa wa Korea, waliacha kuchimba chanzo cha ugomvi, wakauliza: lini haukutokea? Na Australia na Nyuzilandi, Michael White na David Epston wakaja na njia ya simulizi, ambayo ndiyo nimeishika mimi, kwamba mtu si tatizo. Tatizo ndilo tatizo, na linaweza kutolewa nje ya mtu, likapewa jina, likatazamwa.

Msinicheke, lakini moja ya kazi zilizomtangaza White, mwaka 1984, ilikuwa ya watoto wanaojinyea. Badala ya kumwambia mtoto wewe ni mchafu, au kumwambia mama umelea vibaya, kinyesi chenyewe kilipewa jina la mhuni mwerevu anayevizia, na familia nzima ikaungana kumvizia yeye. Aibu iliyokuwa imekaa juu ya mtoto ikahama. Mimi niliyefundisha watoto wa miaka minne nilisema kimoyomoyo: huyu mzungu amewahi kukaa darasani.

Sasa niwasimulie la kwetu. Mume na mke wa kisiwa kimoja walinijia. Mambo kadhaa nimeyabadilisha, na hili moja nitakaloliandika niliwaomba ruhusa. Yeye mvuvi. Mke huuza mahamri asubuhi. Kila mmoja alikuja na jina la mwenzake tayari, kama waliokwisha kujaza ile fomu. Mume: “Mke wangu ana mdomo.” Mke: “Mume wangu ni mvivu.” Nikauliza ugomvi mkubwa wa mwisho ulikuwa mwezi gani. Mke akahesabu kwa vidole. Mwezi wa sita. Na wa mwaka uliotangulia? Akahesabu tena, akanyamaza. Mume akasema polepole, “Kusi.” Wakatazamana, wakacheka kidogo, mara ya kwanza tangu waingie.

Anayeishi huku hahitaji kuelezwa. Kusi likivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa nchi kavu, na pesa hukaa huko huko zilikokwenda. Basi tukalipa tatizo jina hilo. Nikauliza, Kusi likiingia nyumbani, hukaa wapi?

“Jikoni,” mke akasema. “Hukaa ndani ya debe la unga.”

“Mimi hulikuta mlangoni kabla sijavua viatu,” mume akasema. “Naliona usoni mwake.”

Huwaambia nini? Kwa mume lilikuwa likisema: wewe si mume, mume halali mchana. Kwa mke: ulidanganywa, wenzako waliolewa na wenye maduka. Nikauliza kama ulikuwapo mwaka ambao Kusi lilivuma nje lakini halikuingia ndani. Walidhani haupo. Kisha mke akakumbuka, akamtazama mumewe, akaanza kucheka akajifunika uso kwa ukaya. Mwaka ule mume alikuwa akiamka saa kumi za usiku, anafunga mlango kwa komeo, anakaa juu ya mbuzi, anamkunia nazi za mahamri. Nazi nne, tano, kila siku, miezi mitatu.

“Mwalimu, hilo usiliandike,” mume akasema.

Nimeliandika kwa idhini yake, na sababu ya kuliandika ni lile komeo. Hakuona aibu mbele ya mke. Aliliogopa baraza la nje, wanaume wenzake, wasije wakamwona amekaa juu ya mbuzi. Uanaume uliokuwa ukimkaba haukuwa wake pekee. Ulikuwa umejengwa na watu wa mtaa mzima, na alipofunga komeo ukabaki nje. Fomu ya visanduku ingemwita asiyewajibika. Ingeyapata wapi mambo ya nazi?

Lakini nilifanya kosa, na sitalificha, maana mkianzisha huduma hii mtakutana nalo. Nilinogewa na jina letu zuri. Kikao cha tatu mume akaja na habari kwamba usiku wa juzi palikuwa na msukumano, kisha akasema, “Si mimi, Mwalimu, ni Kusi.” Na mimi, Mungu anisamehe, nikashika kalamu kuandika. Mke alikuwa kimya. Akavuta mkono wa buibui juu kidogo, akaniacha nione kifundo, akaurudisha. Kisha akasema, “Kusi halina mikono.”

Nikafunga daftari. Nilipaswa kumwona peke yake siku ya kwanza kabisa, na sikumwona. Nilimwona siku hiyo, mlango umefungwa, nikamweleza kwamba ipo Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, kwamba mahakama yaweza kutoa amri ya kumlinda, na kwamba kwenda huko si kumuuza mumewe. Naye mume nilimwambia uso kwa uso kwamba upepo utajibu wa upepo, na mkono utajibu wa mkono. Yaliyofuata ni yao.

Wenye fani walishagombana sana juu ya jambo hili. Rachel Hare-Mustin aliandika mwaka 1978 kwamba unasihi wa familia ulikuwa ukiwatendea mume na mke kama vipuri viwili vyenye uzito sawa, ilhali nje ya chumba mmoja ana nguvu na mwingine hana. Alan Jenkins wa Australia, mwaka 1990, alionyesha jinsi ya kukaa na wanaume wanaopiga kwa kuwaita waubebe wajibu wao wenyewe, bila kuwapa pa kujificha. Kwa hiyo mtu akija mbele yenu akawaambia mawazo haya yanafanya kila kitu kuwa hadithi, na kofi nalo ni hadithi, mwambieni hajayasoma hadi mwisho. Kutojua kwa mnasihi ni kutojua maana, nako kuna mpaka. Alama ya vidole kwenye mkono wa mtu inaonekana kwa macho.

Upo na upande wa pili ambao unawahusu nyinyi zaidi kuliko mimi. Yule mvuvi, tulipozidi kuzungumza, alisema siku hizi Kusi halimalizi msimu wake likaondoka. Eneo alilokuwa akivua baba yake limechimbwa kwa ajili ya bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya kiasi cha shilingi bilioni 1.76. Sheria na rufaa na malipo nawaachia mawakili. Ninachosema ni kwamba mtu aliyepoteza eneo lake la kuvua amekaa mbele yangu na jina la uvivu kifuani, na jina hilo limefunika bandari nzima. Kule Nyuzilandi, karibu na Wellington, kituo kimoja cha familia kilichoongozwa na akina Charles Waldegrave na Kiwi Tamasese kiligundua jambo kama hili: familia zilikuja na huzuni, zikapewa maneno mazuri, zikarudi katika umaskini na makazi mabovu zimetulia kidogo. Wakaona wanawazoeza watu dhiki. Wakajipanga upya, Wamaori wakihudumiwa na Wamaori, Wasamoa na watu wa visiwa vya Pasifiki na watu wao, na Wazungu wa kituo wakitoa hesabu ya kazi yao kwa wenzao hao, na wanaume kwa wanawake. Na walipokuwa wakisikia jambo moja likirudi kwa familia nyingi walilipeleka kwa wenye mamlaka. Nataka wanasihi wa Lamu nao wawe na pa kuyapeleka ya aina hiyo, bila majina ya watu. Ofisi yenu ni pazuri pa kuanzia.

Sheikh mmoja ninayemheshimu aliniuliza: “Mwalimu, huu usasaleo wenu si ndio unaosema hakuna ukweli? Na wewe unaswali?” Naswali, alhamdulillah. Nilimjibu kwamba Kitabu sikigusi, na sijakutana na wanandoa waliogombania shahada. Wanagombania simu iliyowekwa kifudifudi, mtoto aliyeko Saudia asiyetuma salamu, nani alimwambia nini dada wa nani. Haya ni yao, na ndiyo ninayowauliza. Kisha nikamkumbusha Sura An-Nisaa, aya ya 35, inayotuamuru kuleta hakamu mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Sisemi aya hiyo ni usasaleo, Mungu apishe mbali. Nasema tulifundishwa zamani kwamba nyumba moja ina wasimulizi wawili na wote lazima wasikilizwe. Sheikh akanywa kahawa yake akasema, “Tutaendelea.” Bado tunaendelea.

Jambo jingine, ambalo najua litawaudhi baadhi. Nikikaa na wanandoa wa Lamu mara nyingi kuna mtu wa tatu chumbani, naye ni Mwana Kupona, mwenye utenzi unaomfunza mke kumtii mumewe. Mjomba akiitwa kusuluhisha humghania mke beti mbili tatu, na mke hana tena la kusema, maana nani atabishana na Mwana Kupona? Mimi utenzi ule naujua kwa moyo na naupenda. Lakini aliyeutunga mwaka 1858 alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yuko kitandani anaumwa, anamwachia bintiye wasia. Mama anamwambia mwana. Ukitoka kinywani mwa mjomba wa mume, mbele ya mwanamke anayelia, hauwi tena wasia wa mama. Umekuwa rungu. Hapo ndipo mwenye njia ya simulizi huuliza: maneno haya alisema nani, akimwambia nani, na leo yanamsaidia nani?

Basi naomba nini. Kwanza, fomu ijazwe mwisho wa kikao, kwa maneno ya waliokuja. Wakisema nyumba haikaliki, iandikwe nyumba haikaliki. Wakisema ana jini, liandikwe jini, na mnasihi aulize lilianza lini, husema nini, nani hulisikia, kabla hajakimbilia jina la kitabuni. Tafsiri za hospitali zina mahali pake na wagonjwa wa kweli lazima wafike kwa daktari, sizungumzii hao.

La pili ni lugha. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa, na hilo ni haki, watu wasije wakanasihiwa na kila aliye na kiti. Ila mkitafuta waliosajiliwa, tafuteni pia wanaojua Kiamu, Kibajuni, Kipokomo, Kiorma, Kikikuyu cha Mpeketoni. Mwanamke akisema “Siyui, roho inanikaa yuu,” asiwe na haja ya kuigeuza kwanza kuwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Ikishageuzwa, nusu yake imekwisha mwagika. Kama hamna aliyesajiliwa mwenye lugha hiyo, basi wasomesheni makungwi wachache, wale wanaomfunda bibi harusi. Mambo ya ndani ya ndoa wanayajua kuliko mimi.

La tatu ni baraza dogo. Tom Andersen, daktari wa kaskazini ya Norwei, mwaka 1985 alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Desturi yao ilikuwa wataalamu kukaa nyuma ya kioo, wanaiona familia na familia haiwaoni, kisha wananong'onezana. Siku moja aliwasha taa upande wa pili, familia ikakaa kuwasikiliza wataalamu wakizungumza juu yao, waziwazi, kwa adabu, kisha familia ikajibu. Hayo yanafaa Lamu kama kikoi. Wazee wawili na wanawake wawili waliofundwa kazi, wanasikiliza, wanasema mbele ya wenyewe walichokisikia, hawatoi hukumu, wananyamaza. Katiba yetu, ibara ya 159, imeyapa nafasi mapatano ya kijadi, na ibara ya 170 imeweka Mahakama za Kadhi. Baraza hili halichukui kazi ya yeyote kati yao. Masharti mawili tu. Penye kupigwa, baraza lisikae kabisa. Na atakayetoka na neno la ndani akalipeleka sokoni asirudi tena.

Ndoa zinazofika kwa Kadhi hazitapungua kwa sababu ya barua yangu, najua. Na wako watakaozungumza vizuri, wakasikilizana, kisha wakaachana kwa wema. Msiwahesabu hao kuwa hasara ya mradi.

La mwisho ni mlango. Chumba cha kwanza nilichowahi kupewa, sitasema na nani, kilikuwa na mlango mmoja unaofungukia uchochoro wa punda, na mbele yake baraza la wazee wa kahawa. Kila aliyeingia alihesabiwa. Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa umeshajua ndoa ya nani inauma. Mwanamke mmoja alikuwa akija na sinia limefunikwa kawa, kama anayenipelekea chakula. Mara ya kwanza niliifunua kawa kwa furaha, nikakuta sinia tupu. Tukacheka wote wawili, kisha akalia. Alipoondoka nilimtilia tende, ili wazee wakimwona anatoka waone sinia lina kitu.

Tafuteni nyumba yenye milango miwili, mmoja wa njia kuu na mmoja wa nyuma. Za zamani nyingi zimejengwa hivyo. Mimi nazijua tatu, na wenye moja wako tayari kupangisha.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu na mnasihi,
Langoni, Lamu